Kiangazi cha Ulaya Bila Kukanyagana

Takwimu za Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa zinaonyesha kuwa mwaka 2024 watalii wa kimataifa walihesabiwa mara bilioni 1.4 duniani kote, na kwamba milioni 747 kati ya hesabu hiyo, yaani zaidi ya nusu, ni ya walioingia nchi za Ulaya. Umati huo usingekuwa na taabu kubwa lau ungetawanyika katika miezi yote 12 na katika miji yote ya bara hilo, lakini sehemu yake kubwa humiminika katika majuma machache ya Julai na Agosti, ikaenda miji ileile, na ndani ya miji hiyo ikapita mitaa ileile kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hali hii, ambapo wageni huzidi uwezo wa mahali kuwapokea, wenyeji wakakosa nyumba za kupanga kwa kuwa zimegeuzwa malazi ya muda, na wageni wenyewe wakakosa kukiona walichokifuata, huitwa utalii uliopindukia, na ndiyo iliyowatoa wakazi wa Barcelona barabarani mwaka 2024 wakiwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa msafiri ni kutafuta mji usiojulikana, ila ushauri huo una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba mji usiojulikana ukishatajwa vya kutosha huwa umejulikana. Hallstatt, kijiji cha Austria kilichojibanza kati ya mlima na ziwa, kina wakazi wapatao 700, lakini kimewahi kupokea wageni hadi 10,000 kwa siku moja ya kiangazi. Mwaka 2012 nakala ya kijiji hicho ilijengwa katika jimbo la Guangdong nchini China, na wala nakala hiyo haikupunguza safari za kwenda kwenye asili yake. Mwaka 2023 wenyeji walifikia hatua ya kuweka uzio wa mbao mahali ambapo watu walizoea kusimama wakijipiga picha, kisha wakauondoa baada ya kulaumiwa. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hujiuliza kwanza ni lini aende, na kwa saa zipi, kabla ya kujiuliza aende wapi.

Msongamano wa Ulaya kwa kiasi kikubwa hutokana na Wazungu wenyewe, wala si wageni wa mabara mengine, na ufunguo wake ni kalenda ya shule. Shule za Ufaransa hufungwa mwanzoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti, za Uingereza huanza likizo baada ya katikati ya Julai, na za Ujerumani hupishana jimbo kwa jimbo kwa makusudi, ili barabara kuu na treni zisizidiwe siku moja, huku Bavaria ikiwa miongoni mwa majimbo ya mwisho na kurudi darasani katikati ya Septemba. Nchini Ufaransa wingi wa magari umekuwa na utabiri wake rasmi tangu mwaka 1976, uitwao Bison Futé, ambao huzipa siku rangi kuanzia kijani hadi nyeusi, na Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, wakati wanaorudi hupishana na wanaokwenda, ndizo zinazopewa rangi mbaya zaidi. Msomaji wa Zanzibar au wa Narok anaijua kalenda hii kwa upande wake wa pili, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo inayochangia kujaza hoteli za Nungwi na kambi za Maasai Mara katika miezi hiyo.

Ukiitazama kalenda hiyo kwa makini, nafasi huonekana. Majuma matatu ya kwanza ya Juni huwakuta wanafunzi wa Ufaransa, wa Uingereza na wa sehemu kubwa ya Ujerumani wangali darasani, ingawa msafiri aangalie Pentekoste inaangukia lini, maana Bavaria na Baden-Württemberg hutoa likizo ya majuma mawili wakati huo, na familia zake hujaa kwenye Ziwa Garda kaskazini mwa Italia. Upande wa kaskazini mambo huenda kinyume: Finland hufungua shule zake karibu na wiki ya pili ya Agosti na Uskoti katikati ya mwezi huo, hivyo nusu ya pili ya Agosti maziwa ya Finland huwa yamebaki na nafasi wakati pwani za Hispania zingali zimefurika. Septemba, kuanzia juma lake la pili, inasifiwa na wengi na inastahili sifa hizo.

Asiyeweza kusafiri ila Agosti hana sababu ya kukata tamaa. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria ambayo Waitalia huiita Ferragosto, ndiyo kilele cha likizo nchini Italia, na kwa kuwa karibu kila mwenye uwezo huwa amekimbilia baharini au milimani, miji ya bara kama Milano na Torino hupwaya, japokuwa baadhi ya maduka na mikahawa hufungwa. Madrid nayo hupungukiwa na wenyeji wake mwezi huo, na Brussels, ambayo hoteli zake hutegemea sana wahudhuriaji wa mikutano, hubaki na vyumba vitupu kwa kuwa Bunge la Ulaya liko mapumzikoni.

Hakuna mji unaolionyesha vizuri suala la saa kuliko Venice. Mji wake wa kale, uliokuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951, sasa una wakazi chini ya 50,000, na mwaka 2023 vitanda vya wageni vilizidi idadi ya wenyeji. Hata hivyo wanaolala hapo si wao wanaouelemea zaidi. Mzigo mkubwa ni wa wageni wa kutwa, yaani wale wanaoingia asubuhi kwa treni, basi au boti na kuondoka jioni. Kwa ajili yao halmashauri ilianza tarehe 25 Aprili 2024 kutoza ada ya kuingia ya yuro 5 katika siku 29 zilizochaguliwa, na mwaka 2025 siku zikaongezwa hadi 54, huku wanaochelewa kujiandikisha wakitozwa yuro 10. Ada hiyo hudaiwa kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni tu, na anayelala mjini hasamehewi kujiandikisha ingawa husamehewa kulipa. Ni vigumu kuamini kwamba yuro 5 zitamrudisha mtu nyuma ilhali tiketi moja ya vaporetto, boti ya abiria inayofanya kazi ya daladala katika mifereji ya mji huo, ni yuro 9.50, lakini saa za ada hiyo zina faida nyingine kwa msafiri, kwa sababu zinamwonyesha waziwazi ni wakati gani mji umeelemewa.

Anayepanga chumba ndani ya mji wa kale, hata kwa usiku mmoja, hupata kile ambacho mgeni wa kutwa hakioni: saa kumi na mbili asubuhi ya Juni jua limeshachomoza, Uwanja wa San Marco una wafagiaji na njiwa, na mashua za mizigo zinashusha mboga na kreti za maji kwenye ngazi za mifereji. Baadaye, umati unapoingia, huongozwa na vibao vya manjano vilivyobandikwa kutani, vyenye mishale ya kwenda daraja la Rialto na San Marco, na karibu watu wote hufuata mishale hiyo kwenye vichochoro ambamo watu wawili wenye mabegi hupishana kwa shida. Kugeuka upande ambao mshale haukuelekea, kuingia mtaa wa Castello upande wa mashariki au sehemu ya kaskazini ya mtaa wa Cannaregio, hutosha kumtoa mtu kwenye msukumano baada ya madaraja matatu au manne, akakuta nguo zimeanikwa juu ya mfereji na watoto wakicheza mpira.

Katika miji ya pwani, kengele ya msongamano hupigwa na meli za kitalii, ambazo moja tu huweza kushusha maelfu ya watu kwa asubuhi moja na kuwapandisha tena kabla ya magharibi. Venice ilizizuia meli kubwa kupita mbele ya San Marco kuanzia Agosti 2021. Dubrovnik, mji wa ngome wa Croatia, ulikubaliana na makampuni ya meli zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Na Santorini, kisiwa cha Ugiriki, kimejiwekea kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku. Ratiba za kutia nanga hutangazwa na bandari nyingi miezi kadhaa kabla, na msafiri akizisoma anaweza kuchagua siku isiyo na meli, au angalau kuingia mjini saa kumi na moja jioni, wakati abiria wanarudi gatini na jua lingali na saa tatu za kuangaza.

Majumba ya makumbusho nayo yana saa zake. Louvre ya Paris, iliyopokea wageni milioni 8.7 mwaka 2024, hufungwa Jumanne lakini Jumatano na Ijumaa huwa wazi hadi saa tatu usiku, na hizo saa za mwisho ndizo zenye nafuu. Acropolis ya Athens tangu Septemba 2023 haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku, tena kwa tiketi yenye saa maalumu, na joto linapopanda mno hufungwa mchana. Siku za kuingia bure, mathalani Jumapili ya mwisho ya mwezi katika Makumbusho ya Vatican, ni mtego; kinachookolewa mfukoni hulipwa kwa miguu kwenye foleni.

Joto lenyewe huwadanganya watu katika kuchagua mahali. Córdoba na miji ya Extremadura nchini Hispania huwa na utulivu Julai, ila utulivu huo una sababu yake, kwa kuwa nyuzi 40 si jambo la ajabu huko; anayeitaka Hispania ya kiangazi ni heri aelekee Asturias au Galicia, kaskazini, kwenye mvua na majani mabichi. Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Muscat na Dubai hawahitaji kufundishwa kukimbia joto, ingawa aendaye Zell am See huko Austria, mahali pendwa pa familia za Ghuba, ajue kwamba huenda akakutana na majirani zake.

Kama ni lazima kutaja mji mmoja wa kuongeza kwenye safari, Ravenna unastahili. Reli kuu ya treni za kasi ya Italia hupita Bologna, Florence na Roma bila kuufikia, na wanaokwenda pwani ya karibu hukazia macho fukwe za Rimini. Hivyo ndani ya kanisa la San Vitale mtu huweza kusimama kwa utulivu mbele ya michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6, inayomwonyesha Kaisari Justinian na mkewe Theodora, na hatua chache kutoka hapo akaingia jengo liitwalo Kaburi la Galla Placidia, ambalo dari lake la buluu iliyokolea limejaa nyota za dhahabu, zikimulikwa na nuru hafifu inayopenya kwenye vioo vya alabasta, jiwe laini linalopitisha mwanga.

Kwa raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo mpango wote huu huanzia ubalozini, kwa sababu viza ya Schengen, inayotumika katika nchi 29, huombwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi, au atakayoingia kwanza iwapo siku zinalingana. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, hivyo anayekusudia kuingia tarehe 10 Juni anaruhusiwa kuomba tangu tarehe 10 Desemba, na asingoje Mei.