Ua Jekundu la Mvua za Kwanza na Hatari Yake

Mvua za kwanza zinyeshapo, mnamo Novemba au Desemba, huchomoza ardhini ua jekundu la mviringo mfano wa mpira, mara nyingi kabla majani yake hayajakunjuka. Kwa kweli si ua moja, bali ni mkusanyiko wa maua madogo yawezayo kufikia 200 juu ya bua moja. Wataalamu huuita mmea huu Scadoxus multiflorus. Vitabu vya kabla ya mwaka 1976 viliuita Haemanthus.

Chini ya bua kuna tunguu, yaani shina nene lenye matabaka kama kitunguu. Ndani yake mna sumu, mojawapo ikiitwa likorini, iletayo mate mengi, kutapika na kuharisha. Mahali pengi barani Afrika sumu hii imetumika kuulia samaki na kupaka mishale. Hapana budi mbuzi nao wazuiwe wasiule mmea huu.

Hatari iko wapi? Ua hudumu kwa wiki moja au mbili tu. Ifikapo kiangazi majani nayo hukauka, tunguu likabaki ardhini bila dalili yoyote juu. Wakati huo ndipo wananchi wa Masasi na Newala wachimbapo ming'oko kwa chakula, na jembe laweza kulifukua tunguu hilo mahali pale pale.

Yafaa kila mwanachama azijue tofauti hizi. Mng'oko ni mmea utambaao, na chakula chake ni kiazi chenye nyama moja nyeupe. Tunguu likikatwa huonyesha matabaka. Aidha, halina harufu ya kitunguu, ingawa mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja. Chochote chenye matabaka kisicho na harufu hiyo kisionjwe kamwe, wala kisipikwe kwa kujaribu.

Kwa hiyo makatibu wa vyama vya msingi wanaombwa kuwasomea wanachama mambo haya mvua zianzapo. Ua lionekanapo karibu na nyumba au chini ya mikorosho, mahali hapo pawekwe kijiti cha alama. Matunguu yafukuliwayo wakati wa palizi yazikwe mbali na watoto na mifugo, wala yasiwekwe pamoja na mbegu au chakula. Aliyekula apelekwe zahanati mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga akione.

Ua lenyewe halimdhuru alitazamaye. Linaonyesha mahali sumu ilipo, nalo halikai siku nyingi.