Kuiunganisha Deki ya Video na Runinga Bapa

Je, kwenu kuna kanda ya video ambayo haijachezwa tangu uzaliwe? Kwetu ipo. Ni ya harusi ya wazazi wangu, mwaka 1996, na ndani yake marehemu babu anasimama kutoa nasaha. Nyanya huiulizia kila likizo, maana sauti ya babu haikuhifadhiwa kwingine kokote. Deki ilikuwapo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Runinga bapa nayo ipo. Tatizo ni kwamba viwili hivyo havikujuana. Likizo ya Desemba nililivalia njuga jambo hili, na yaliyonipata nawasimulia hapa.

Tuanze na deki yenyewe. Mtindo wa VHS ulizinduliwa na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976, na Funai, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki hizo, iliacha mwaka 2016. Kwa hivyo ile ya kwenu usiitupe, hakuna nyingine inayotoka kiwandani. Kabla ya kutia kanda, ichungulie kupitia kidirisha chake. Ukiona kitu kama unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu, na kuvu hupenda mahali penye unyevu. Kanda ya namna hiyo usiitie kamwe, kwa kuwa itachafua vichwa vya deki na kuambukiza kanda nyingine. Hata kama ni safi, anza na kanda usiyoijali. Sisi tulianza na sinema ya karate, na lo! deki ikautafuna utepe mpaka tukautoa kwa mikono. Nyanya alishika kichwa. Hebu fikiria ingekuwa ile ya harusi! Fundi wa mtaani aliifungua, akasafisha vichwa, akabadilisha mpira uliokuwa umelegea, ikapona.

Sasa mtaka cha mvunguni sharti ainame: inama nyuma ya runinga utazame matundu yake. Deki hutoa picha na sauti kwa nyaya tatu zenye rangi. Ya njano ni ya picha, nyeupe na nyekundu ni za sauti ya kushoto na ya kulia. Deki nyingine ina tundu moja tu la sauti. Hiyo ingiza nyeupe. Kumbuka, upande wa deki tumia matundu yaliyoandikwa OUT, si IN. Mimi nilikosea hapo, nikakaa nusu saa nikitazama kioo cheusi.

Runinga yako ikiwa na matundu hayohayo matatu, mambo ni rahisi: rangi kwa rangi, basi. Nyingine haina tundu la njano bali lina la kijani lililoandikwa VIDEO chini yake; njano huingia hapo. Nyingine ina kitundu kimoja kama cha vipokea sauti vya masikioni, kimeandikwa AV. Hicho huhitaji waya mfupi unaokuja na runinga, na ni vyema utumie huohuo, kwa kuwa nyaya zinazofanana kwa nje huenda zisifanane kwa ndani.

Runinga yetu haikuwa na lolote kati ya hayo, ila HDMI tu. Hapa ndipo nilipopigwa chenga. Tundu la HDMI hupokea mawimbi ya dijitali, ilhali deki hutoa ya analogi, kwa hivyo waya mtupu hausaidii. Unahitaji kisanduku kidogo kiitwacho konvata. Tatizo ni kwamba konvata ni za aina mbili, zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Moja hugeuza AV kuwa HDMI, nyingine hugeuza HDMI kuwa AV. Muuzaji alinipa ya pili, ati "zote ni mamoja." Si mamoja! Soma mwenyewe: matundu ya rangi yawe INPUT, na HDMI iwe OUTPUT. Pia ipe umeme kupitia waya wake wa USB, la sivyo haiamki.

Kuna pia njia ya wazee, waya wa antena. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, lakini deki bado hujifanya kituo kidogo cha kurushia analogi, mara nyingi kwenye chaneli 36 ya UHF. Runinga ikiwa bado inaweza kutafuta chaneli za analogi, utaipata huko ukiwa umewasha kanda. Picha yake huwa hafifu, lakini heri hiyo kuliko kukosa.

Ukishaunganisha, bonyeza SOURCE kwenye rimoti uchague AV au HDMI. Picha ikitetemeka au ikiwa na mistari, rekebisha kitufe cha TRACKING kwenye deki. Watu wakionekana wanene (mama alinuna kweli!), badilisha umbo la picha liwe 4:3, maana runinga za leo ni 16:9. Ukungu kidogo usimlaumu fundi. Picha ya PAL, mfumo tuliotumia Kenya, ina mistari 576 inayoonekana, na VHS hupunguza undani wake zaidi. Kanda iliyoletwa kutoka Marekani ni ya NTSC na huenda deki yako ikaikataa.

Babu alipoanza kusema, nyanya aliomba sauti iongezwe, kisha akaomba irudishwe nyuma. Tulirudisha mara nne. Ya tano nilikataa, nikihofia deki kuutafuna utepe. Badala yake tuliazima kifaa cha kunasia video, tukakiunganisha na kompyuta, tukanakili kanda yote. Haina njia ya mkato: kanda ya E-180 hubeba dakika 180, nawe utasubiri saa tatu kamili. Nakala tulitia kwenye simu ya nyanya. Kanda yenyewe tuliirudisha mwanzo, tukaitia ndani ya jalada lake na kuisimamisha rafuni kama kitabu, mbali na jua na mbali na spika.