Mfumo Mpya Wahitaji Mwalimu wa Karibu
Walimu na wauguzi wa umma wa Temeke na Kinondoni, kama watumishi wenzao nchini Tanzania, sasa hupimwa utendaji kwa PEPMIS, mfumo wa kidijitali uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Mtumishi hujaza majukumu yake, msimamizi huyathibitisha. Kwa hiyo anayekwama kwenye nywila au hatua moja tu huweza kuonekana mzembe, ilhali kazi ameifanya. Wapo wasemao semina ya siku moja yatosha, tena fedha za mafunzo ni haba. Lakini ujuzi hukaa kwa kutenda: mtumishi aliyebobea, akitengewa saa chache kila wiki kuwasaidia wenzake kituoni, hahitaji ukumbi wala posho ya safari. Kumpima mtu kwa mfumo asiofundishwa kuutumia si haki.