Kanada: Familia ya Birks, wafua feza waliojenga jina kwa pesa mkononi na kuipoteza kampuni kwa deni

Tarehe 1 Machi 1879, Henry Birks, mwanaume wa miaka 38, alifungua duka dogo katika barabara ya Saint-Jacques, mjini Montréal. Mtaji wake ulikuwa dola 3.000. Aliuza saa, pete na vyombo vya feza. Miaka 114 baadaye, mwaka 1993, duka hilo lilikuwa limekuwa kampuni inayojulikana inchi nzima ya Kanada. Mwaka huo huo familia ya Birks iliipoteza.

Hadi leo jina Birks lingali juu ya milango ya maduka, na wachumba wa Kanada wangali wanalijua kwa sababu ya sanduku lake la bluu la kutilia pete. Ila wenye jina si wenye duka tena. Namna gani familia iliyofanya kazi kwa vizazi vitano ilifika hapo?

Kutoka Sheffield hadi Montréal

Wazazi wa Henry, John Birks na Anne Massey, walitoka Yorkshire, upande wa kaskazini mwa Uingereza, wakahamia Kanada mwaka 1832. Katika Yorkshire kuna mji wa Sheffield, unaosifika tangu zamani kwa visu, vijiko na vyombo vya feza. Familia ilijihesabu kuwa ya ukoo wa mafundi wa huko.

Hapa tueleweshane: katika Kiswahili chetu neno feza lina maana mbili, zile pesa za mfukoni na yale madini meupe yanayong'aa. Katika habari hii feza ni madini.

Henry alizaliwa Montréal mwaka 1840. Mwaka 1857, akiwa kijana mdogo, aliingia kazi kwa Savage na Lyman, nyumba kubwa ya saa na mapambo. Aliitumikia miaka mingi, na mwaka 1868 akapokelewa kuwa mmoja wa washirika. Lakini kuanzia mwaka 1873 biashara iliharibika sehemu nyingi za dunia, na kabla ya miaka kumi kuisha nyumba ile ya Savage na Lyman ilianguka. Birks aliona kwa macho yake jinsi duka lenye sifa kubwa linavyoweza kufungwa.

Bei moja, pesa mkononi

Alipofungua duka lake, Birks aliweka sheria mbili. Ya kwanza: bei ni moja kwa kila mtu, hakuna kubishana. Ya pili: mteja analipa palepale, hakuna kuchukua kitu kwa deni.

Wakati ule wateja matajiri walikuwa wamezoea kuandikiwa katika kitabu na kulipa baadaye, wakipenda. Kumkatalia mtu mkubwa deni kulikuwa jambo la hatari. Lakini anayeuza saa na pete anaweka mtaji wake katika vitu vidogo vya bei kali. Pete kumi zikitoka bila kulipwa, hana kitu cha kununulia zingine. Sheria hiyo ililinda duka, na bei moja ikawapa watu imani. Mtu asiyejua kitu juu ya almasi hawezi kujua kama anadanganywa. Akijua kwamba jirani yake analipa bei ile ile, hofu inapungua.

Mwaka 1893 wana watatu, William, John na Gerald, waliingia katika biashara na kampuni ikaitwa Henry Birks na Wana. Mwaka uliofuata walihama kutoka barabara ya Saint-Jacques, mtaa wa mabenki, wakapanda hadi uwanja wa Phillips. Huko duka kubwa la Henry Morgan lilikuwa limekwisha kuhamia mwaka 1891 na wanunuzi wakalifuata. Jengo jipya lilichorwa na Edward Maxwell, mmoja wa wasanifu wenye jina wa Montréal. Lingali limesimama.

Kiwanda chao wenyewe

Hadi hapo akina Birks walikuwa zaidi wachuuzi kuliko wafua feza. Vyombo vingi vya feza vilivyouzwa katika maduka ya Montréal vilitengenezwa na fundi mmoja, Robert Hendery, ambaye baadaye alishirikiana na John Leslie. Mwenye duka aliagiza, Hendery akafua, kisha jina la duka likagongwa juu ya chombo.

Mwaka 1899, miaka miwili baada ya kifo cha Hendery, Birks walinunua kiwanda hicho. Tangu siku hiyo kazi na uuzaji vilikuwa katika mikono ya familia moja.

Feza safi ni laini mno. Kijiko cha feza tupu kinapindika upesi. Kwa hiyo mafundi wanaichanganya na shaba: katika sehemu 1.000, feza ni 925 na shaba ni 75. Mchanganyiko unayeyushwa, unakandamizwa kuwa bamba, kisha unakatwa na kugongwa ndani ya kalibu ya chuma ili upate umbo la kijiko ao uma. Birika na bakuli zinafuliwa kwa nyundo, vipini vinaunganishwa kwa moto, kisha chombo kinasuguliwa hadi king'ae. Mwisho inagongwa chapa ndogo upande wa chini. Macho hayawezi kutofautisha feza ya kweli na chuma kilichopakwa feza, ndiyo sababu mnunuzi anatazama chapa. Jina la familia chini ya kijiko lilikuwa ahadi.

Feza yenyewe haikukosekana Kanada. Mwaka 1903 iligunduliwa kwa wingi katika jimbo la Ontario, mahali palipoitwa Cobalt. Jina hilo si geni kwa msomaji wa Kolwezi: huko Ontario pia kobalti na feza vilikuwa pamoja katika mawe.

Kufuata reli hadi Vancouver

Kanada ilikuwa inapanuka kuelekea magharibi kwa njia ya reli, na Birks wakafuata. Walifungua Ottawa mwaka 1901, Winnipeg mwaka 1903, kisha wakafika Vancouver, kwenye bahari ya Pasifiki, walikonunua duka la sonara George Trorey. Mjini Toronto waliungana na familia nyingine ya masonara, na kwa miaka mingi duka la huko lilijulikana kwa jina Ryrie-Birks.

Pamoja na duka la Trorey walipata saa kubwa iliyosimama juu ya nguzo kando ya barabara. Wakaaji wa Vancouver walizoea kupeana miadi chini yake: tukutane kwenye saa ya Birks. Jengo la Birks la mji huo, lililomalizika mwaka 1913, lilipendwa vilevile. Mwaka 1974, lilipoamuliwa libomolewe ili mnara wa kisasa ujengwe, watu walikusanyika mbele yake wakalifanyia maziko kama ya mtu. Lilibomolewa hata hivyo. Saa ilibaki, na leo imesimama tena katikati ya mji.

Henry Birks alikufa mwaka 1928. Wanawe walitumia mali pia nje ya biashara. Katika chuo kikuu cha McGill, mjini Montréal, jengo la masomo ya dini lililofunguliwa mwaka 1931 linabeba majina ya William na Henry Birks.

Walikusanya kazi za waliowatangulia

Kuanzia miaka ya 1930, kampuni ilifanya jambo ambalo wachuuzi wengi hawalifanyi. Ilianza kutafuta na kununua vyombo vya feza vya zamani vilivyotengenezwa Kanada, kazi za mafundi waliokufa kabla Birks hawajafungua duka. Mmoja wao ni François Ranvoyzé wa Québec, aliyezaliwa 1739. Mwingine ni Laurent Amiot, aliyejifunza Paris kisha akarudi kufulia makanisa vikombe vya misa. Huko Montréal, Pierre Huguet dit Latour aliuza hata vikuku na misalaba midogo ya feza ambayo wafanyabiashara wa ngozi za wanyama waliwapelekea wenyeji wa asili kwa kubadilishana.

Vyombo vingi vya namna hiyo vilikuwa hatarini. Familia ikikosa pesa inayeyusha birika la babu, na feza inabaki bila jina la aliyeifua. Mwaka 1979, duka lilipotimiza miaka 100, mkusanyo huo ulipewa Jumba la Sanaa la Taifa, mjini Ottawa. Uko huko hadi leo.

Deni

Kampuni iliendelea kukua, ikanunua maduka hata inchini Marekani. Kisha, kuelekea mwaka 1990, mmoja wa ndugu watatu wa kizazi cha tano alitaka kuongoza peke yake. Alinunua sehemu za wenzake wawili, na pesa za kununulia zilikuwa za kukopa.

Wakati haukuwa mzuri. Uchumi wa Kanada ulidorora mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 1 Januari 1991 serikali ilianzisha kodi mpya ya asilimia 7 juu ya bidhaa na huduma. Mambo yakiwa magumu, mtu anaendelea kununua mkate na viatu. Pete ya almasi inaweza kungoja. Lakini riba ya benki haingoji. Dawa ya deni ni kulipa, na duka lisilouza halina cha kulipia.

Mwaka 1993 kampuni ilishindwa. Maduka mengi yalifungwa, wafanyakazi wakapoteza kazi, na kilichobaki kikanunuliwa na kampuni ya Italia, Borgosesia. Mwanzilishi alikuwa amekataa kuwapa wateja mali kwa deni. Warithi wake waliangushwa na deni walilochukua wao wenyewe, na tena si deni la kununulia feza ao mashine, ni la kununuliana sehemu kati ya ndugu.

Jina lililobaki

Wenye mali wapya hawakugusa jina. Walijua ndilo walilonunua. Mwaka 2005 kampuni iliungana rasmi na Mayors, maduka ya mapambo ya Florida, na mwaka 2017 ikayauza. Katika jengo la uwanja wa Phillips, mwaka 2018 hoteli ilifunguliwa yenye jina Birks, na duka lingali pale chini.

Bidhaa pia zimebadilika. Almasi ziligunduliwa kaskazini mwa Kanada mwaka 1991, na mgodi wa kwanza, Ekati, ukafunguliwa mwaka 1998. Leo Birks inauza almasi za Kanada ikitaja zinatoka wapi. Jambo hilo linatuhusu. Vita vya Angola, Sierra Leone na vya kwetu Kongo vilifanya wanunuzi wa mbali waulize almasi imetoka wapi na imemlipa nani, na mwaka 2003 mpango wa Kimberley ulianza kudai hati kwa kila mzigo wa almasi ghafi unaovuka mpaka. Tangu hapo, kujulikana asili ya jiwe kumekuwa sehemu ya bei yake.

Kwa sonara, imani ya mteja ni mali sawa na zile feza zenyewe. Akina Birks waliijenga kwa bei moja, kwa chapa ya kweli na kwa pesa mkononi. Imani hiyo haikupotea mwaka 1993. Ilihamia tu kwa wengine, pamoja na funguo za duka.