Kutu Katika Chasisi ya Gari: Chanzo, Tiba na Kinga

Makongolosi ni mji wa machimbo ya dhahabu katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920, maisha ya sehemu hizo yamefungamana sana na gari. Pikapu ndiyo ichukuayo mawe kutoka mashimoni hadi kwenye vinu, mapipa ya maji, magunia ya mahindi, mitumba ya tumbaku, na mara nyingi watu walioketi juu ya mizigo hiyo. Uzito huo wote haubebwi na bodi inayong'aa machoni. Hubebwa na mihimili miwili mirefu ya feleji iliyolala chini ya gari na kuunganishwa kwa vipande vya kukingama. Umbo hilo ndilo liitwalo chasisi. Injini, springi, tangi la mafuta na mabomba ya breki vyote vimeshikizwa hapo. Chasisi ikikatika gari likiwa mteremkoni na mzigo, dereva hana tena uwezo wa kuliongoza.

Chunya hupata mvua chache kuliko Rungwe, tena iko mbali na bahari. Kwa hiyo mwenye gari aweza kudhani kuwa kutu ni taabu ya watu wa pwani. Dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kinachoamua kasi ya kutu si wingi wa mvua inyeshayo, bali ni idadi ya saa ambazo chuma hukaa kikiwa kimelowa. Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, na jinsi ujuzi huo unavyoweza kuiokoa chasisi.

Kutu ni nini?

Ardhini chuma hakipatikani kwa urahisi kikiwa peke yake. Hupatikana kikiwa kimeungana na oksijeni, kama katika mawe ya Liganga, Wilaya ya Ludewa, au katika udongo mwekundu unaoonekana sehemu nyingi za nchi yetu. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayajaza mkaa na mawe ya chuma, ili kwa joto kali kaboni iiondoe oksijeni na chuma kibaki. Kazi hiyo hutumia nishati nyingi. Kwa sababu hiyo chuma kilichokwisha safishwa huwa na mwelekeo wa kurudi katika hali yake ya kwanza. Kutu ni safari hiyo ya kurudi.

Safari hiyo huhitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei. Kwa ufupi twaweza kuandika:

4Fe + 3O₂ + 2xH₂O → 2(Fe₂O₃.xH₂O)

Lakini mlinganyo huo hauonyeshi jambo lililo muhimu zaidi. Kutu hutokea kwa njia ya umeme, kama ilivyo katika betri. Sehemu moja ya chuma hutoa elektroni, na atomu zake huyeyuka majini zikiwa ayoni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako huchukuliwa na oksijeni pamoja na maji. Sehemu ya kwanza ndiyo iliwayo. Sehemu ya pili husalimika. Maji yaliyo juu ya chuma hufunga mzunguko huo wa umeme. Maji yakikauka, mzunguko hukatika na kutu husimama. Ndiyo maana tunahesabu saa za kulowa.

Hata pasipo mvua, hewa yenye unyevu huweka utando mwembamba wa maji juu ya chuma. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, kasi ya kutu huanza kuongezeka kwa namna ya kuonekana.

Tope ni adui wa siri

Mwanasayansi Ulick Evans wa Cambridge, Uingereza, alionyesha jambo la ajabu kwa tone moja la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma. Pembezoni mwa tone, ambako oksijeni ya hewa hufika kwa wingi, chuma kilisalimika. Katikati, ambako oksijeni ni chache, ndiko kilikoliwa. Penye oksijeni nyingi pakawa mahali pa kupokea elektroni, na penye oksijeni chache pakawa mahali pa kuzitoa.

Sasa tulitazame gari la Makongolosi. Wakati wa kiangazi vumbi huingia ndani ya mihimili ya chasisi kupitia matundu yake, likarundikana katika kona na juu ya ukingo wa chini. Mvua zifikapo, vumbi hilo huwa tope. Nje ya gari jua likitoka bodi hukauka kwa muda mfupi, lakini tope lililo ndani ya mhimili huweza kukaa bichi kwa siku kadhaa. Chini ya tope hilo oksijeni ni chache. Pembeni yake ni nyingi. Hali ni ile ile ya tone la Evans, isipokuwa sasa haidumu kwa dakika bali kwa msimu mzima. Hivyo chasisi huliwa kutoka ndani kwenda nje. Mwenye gari huona kutu kwa nje pale tu ambapo feleji imekwisha kuwa nyembamba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Chumvi na asidi

Chumvi huongeza kasi ya kutu kwa sababu mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Pili, chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo chuma hukaa kimelowa hata siku isiyo na mvua. Magari mengi yanayoingia nchini mwetu yametumika kwanza ng'ambo. Katika nchi za baridi humwagwa chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya magari. Madhara yake si madogo. Mwaka 2016, kufuatia mashtaka yaliyofunguliwa Marekani, kampuni ya Toyota ilikubali, bila kukiri kosa, mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 ili chasisi za pikapu na magari mengine yapatayo milioni 1.5 zikaguliwe, na zilizoharibiwa na kutu zibadilishwe. Ikiwa nchi tajiri huingia gharama hiyo, mnunuzi wa gari lililotumika hana budi kutazama chini ya gari kabla ya kutazama rangi.

Mbolea za chumvichumvi zikimwagika garini hufanya kazi kama chumvi ya kawaida. Katika machimbo kuna hatari nyingine. Mawe ya dhahabu ya Lupa huambatana na pairiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'aro wa manjano ambayo mgeni aweza kuyadhania dhahabu. Pairiti iliyosagwa, ikipata maji na hewa, hutoa asidi ya salfuriki. Mchanga mbichi wa aina hiyo ukivuja kupitia sakafu ya gari, asidi hiyo hudondokea juu ya chasisi.

Mafunzo matatu ya kinga

Funzo la kwanza latoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 meli hiyo ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi iliyazuia maji na oksijeni visiguse chuma. Lakini tukumbuke kuwa ilipakwa juu ya chuma kizima, kabla ya maji kukifikia.

Funzo la pili latoka katika bati la nyumba. Bati la kawaida ni feleji iliyopakwa zinki. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Kwa hiyo hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani huliwa kwanza na chuma husalimika. Rangi zenye unga mwingi wa zinki hufuata kanuni hiyo hiyo.

Funzo la tatu latoka katika Land Rover, gari lililotengenezwa tangu mwaka 1948 likiwa na bodi ya aloi ya aluminiamu juu ya chasisi ya feleji. Aluminiamu hujifunika yenyewe kwa oksidi nyembamba, ngumu na isiyopitisha hewa. Kutu ya chuma haina sifa hiyo. Hiyo hupasuka na kumomonyoka, ikaacha chuma kipya wazi. Ndiyo maana bodi ya gari la zamani yaweza kuwa nzima huku chasisi yake imeoza. Tusidanganywe na uzuri wa juu.

Namna ya kukagua na kutibu

Gari likiinuliwa kwa jeki, lazima litegemezwe pia kwa vizuizi imara kabla ya mtu kuingia chini yake. Tazama hasa mahali springi zinapofungwa, sehemu iliyo juu ya ekseli ya nyuma, kando ya viungo vilivyochomelewa, na ukingo wa chini wa mihimili. Gongagonga kwa nyundo ndogo. Feleji nzima hutoa mlio mkali. Iliyooza hutoa sauti ya kufifia, na pengine nyundo huacha bonde au hutoboa. Kagua pia mabomba ya breki.

Ikiwa kutu haijapunguza unene wa chuma, tiba hufuata hatua hizi. Kwanza, osha tope lote, nje na ndani ya mihimili, kisha uache chasisi ikauke kabisa. Pili, ondoa magamba kwa nyundo na brashi ya waya, umalizie kwa msasa hadi chuma king'ae. Vaa miwani na uzibe pua. Tatu, mahali pasipofikiwa na msasa paka dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa fosfeti ya chuma. Vaa glavu, na ufuate maelezo ya mtengenezaji. Nne, siku hiyo hiyo paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kwa maana chuma kilichosuguliwa kikiachwa wazi usiku mmoja chaweza kuanza kutu upya. Tano, ikikauka, paka rangi ya juu mara mbili.

Kupaka lami nzito juu ya kutu ambayo haijasuguliwa ni kosa. Lami hiyo hufungia unyevu na chumvi ndani, ikaficha ugonjwa badala ya kuuponya.

Chasisi iliyotoboka si kazi ya rangi. Inahitaji fundi mwenye ujuzi akate sehemu iliyooza na kuchomelea feleji yenye unene ufaao. Tangi la mafuta liondolewe na betri ifunguliwe kabla ya kazi. Joto la kuchomelea huunguza kinga iliyo upande wa ndani. Hivyo sharti sehemu hiyo ipakwe upya.

Kinga ya kila siku

Kinga bora ni rahisi. Matundu yaliyo chini ya mihimili yaliwekwa ili maji yatoke. Yazibuliwe kwa waya kabla ya mvua na baada yake. Penye uhaba wa maji, ndoo mbili zikimwagwa ndani ya chasisi zina faida kuliko ndoo kumi juu ya bodi. Gari lioshwe mbali na mto na kisima, kisha liegeshwe juani, si juu ya nyasi. Mawe na mchanga mbichi vibebwe juu ya turubai lisilovuja. Mara moja kwa mwaka, kiangazi kikiwa kimeshika, ndani ya mihimili ipulizwe nta au mafuta maalumu ya kuzuia kutu.

Wengine hupaka oili chafu iliyotolewa katika injini. Ni kweli kuwa hufukuza maji kwa muda, lakini huoshwa upesi, hunasa vumbi, huharibu mipira, na ina vitu vinavyodhuru ngozi na kuchafua udongo na maji. Haifai.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kuyathibitisha haya kwa misumari sita iliyosuguliwa na chupa sita ndogo. Wa kwanza utiwe katika chupa kavu yenye kloridi ya kalsiamu na kifuniko. Wa pili katika maji yaliyochemshwa, yakafunikwa kwa mafuta ya kupikia. Wa tatu katika maji ya kawaida. Wa nne katika maji ya chumvi. Wa tano katika maji ya chumvi, ukiwa umezungushiwa utepe wa magnesi. Wa sita katika maji ya chokaa yaliyofunikwa vizuri. Baada ya wiki moja wanafunzi walinganishe na kueleza. Msumari wa sita utawafundisha kwa nini nondo zilizo ndani ya zege, ambalo lina asili ya chokaa, hudumu miaka mingi.

Kisha watoke nje, wainame na kutazama chini ya gari la shule, au la jirani aliye radhi, likiwa limesimama na kuzimwa. Wakiyakuta matundu ya chasisi yamezibwa na tope, watajua ni kazi gani ifanywe kabla ya mvua.