Mtoto Ajikojoleaye Darasani: Sababu Zake na Wajibu wa Mwalimu

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, awe Kibondo au Kasulu, hana budi kujiandaa kwa siku ambayo mtoto atajikojolea darasani. Atakalolitenda dakika hiyo laweza kumbakiza mtoto shuleni au kumtorosha. Kwa hiyo yafaa kwanza aelewe jinsi mwili unavyofanya kazi.

Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo, nao hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa msuli, na mlangoni pake pana misuli ya kubana. Kijaapo, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo, na ubongo huamuru misuli ibane au ilegee. Watoto wengi huimudu amri hiyo mchana wafikapo miaka minne. Usiku huchelewa zaidi. Ujazo wa kibofu hukadiriwa kwa kuongeza 1 kwenye umri, kisha kuzidisha kwa mililita 30. Basi mtoto wa miaka 7 ana nafasi ya mililita 240 hivi, pungufu ya robo lita.

Sababu za kujikojolea ni nyingi. Wako wanaojizuia mno kwa kuogopa choo kichafu au kisicho na mlango. Wengine wana choo kigumu, ambacho hukandamiza kibofu. Wengine wana maambukizi ya njia ya mkojo, na wachache wana kisukari. Hofu na huzuni nazo huweza kumrudisha nyuma mtoto aliyekwisha kukauka. Jambo hili lisisahauliwe katika wilaya zilizopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka ya 1993, 1996 na 2015. Tena watoto wengi wa huku huanza shule wakisema Kiha. Asiyejua kuomba ruhusa kwa Kiswahili hunyamaza mpaka ashindwe.

Katika sababu hizi zote hamna uvivu wala ukaidi. Fimbo haifundishi misuli kubana. Huzidisha hofu, na hofu huzidisha tatizo. Mwalimu na azingatie haya:

(a) Siku ya kwanza afundishe ombi la kwenda haja, na akubali pia ombi la Kiha au ishara ya mkono.

(b) Awape watoto nafasi ya kwenda chooni kila baada ya saa mbili hivi. Asiwanyime maji.

(c) Mtoto akijikojolea, wengine watolewe nje kwa wimbo au mchezo, naye asaidiwe kujisafisha faraghani. Jina la kikojozi lisitamkwe kamwe.

(d) Akague vyoo. Kipimo cha shule za Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

(e) Azungumze na mzazi kwa siri. Mtoto apelekwe zahanati akiwa na maumivu, homa, damu katika mkojo, kiu kali pamoja na kukonda, au udhaifu wa miguu. Vivyo hivyo akianza upya baada ya kukauka miezi sita.

Mzazi aambiwe pia kwamba kukojoa kitandani usiku mara nyingi hurithiwa. Hupatikana kwa watoto kama 15 katika kila 100 wenye miaka 5, na 5 hivi wafikapo miaka 10. Walio wengi hupona wenyewe, mradi wasiaibishwe.