Gari juu ya mawe: litengenezwe au liuzwe spea?

Ndugu msikilizaji, pita mitaa ya Magomeni, Temeke, Sinza au Mbagala, hutakosa kuliona. Ni gari dogo, pengine Starlet au Corolla 110, limepandishwa juu ya mawe ubavuni mwa nyumba. Matairi hayapo, kuku wamelala chini ya injini na watoto wanacheza udereva ndani. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Natafuta hela kidogo nilitengeneze." Jibu hilo analitoa mwaka wa tatu sasa.

Wiki hii tulizungumzie gari hilo, maana si chuma kitupu. Ndani yake kuna kiinua mgongo cha mtu, au mkopo wa SACCOS, au akiba ya duka la mama watoto. Akiba hiyo hupungua kila siku ambayo mwenye gari anashindwa kuamua jambo moja: alitengeneze, au alifungue auze spea moja moja?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi chukua karatasi uandike tarakimu tatu. Ya kwanza, gari hili likitengenezwa likawa zima, litauzwa bei gani? Usiandike bei unayoitamani, andika bei ambayo magari ya aina hiyo na umri huo yanauzwa kweli. Ya pili, matengenezo yote yatagharimu kiasi gani? Nasema yote, si kile tu kilichokwamisha gari. Ya tatu, leo hii, likiwa bovu hivyo hivyo, lina thamani gani likiuzwa zima zima, na thamani gani likiuzwa vipande vipande?

Tuchukue mfano, na hizi ni tarakimu za mfano tu. Gari likipona litauzwa shilingi milioni 4. Fundi anataka milioni 2 na nusu. Dalali yuko tayari kutoa milioni 1 na laki 2 alichukue lilivyo. Ukiliuza spea moja moja, baada ya kumlipa fundi wa kufungua, utabaki na milioni 2 na laki 2. Ukilitengeneza, toa milioni 2 na nusu katika milioni 4, inabaki milioni 1 na nusu. Hapo spea zimeshinda. Lakini kama fundi angetaka milioni 1 na laki 2 tu, ingebaki milioni 2 na laki 8, na matengenezo yangeshinda.

Utasema, mimi siuzi, nataka gari la kuendea kazini. Sawa. Jumlisha basi fedha ya fundi na fedha ya spea. Katika mfano wetu wa kwanza ni milioni 4 na laki 7. Kwa fedha hiyo unapata gari kama lako linalotembea, na chenji inabaki. Hata hivyo, kumbuka kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gari lako unajua magonjwa yake, la mwenzako hujui. Hiyo chenji ndiyo dawa ya magonjwa usiyoyajua, na kama haipo, afadhali ubaki na la kwako.

Wengi huongeza tarakimu ya nne: "Mwaka jana nimeweka giaboksi, mwaka juzi nimepiga rangi, nitaliachaje?" Ndugu yangu, fedha hiyo imekwisha kwenda, hairudi kwa kuongeza nyingine. Kama giaboksi ni nzima, thamani yake tayari imo katika bei ya gari na katika bei ya spea. Usiihesabu mara mbili.

Sasa, utajuaje ugonjwa wa gari kabla fundi hajakutajia bei? Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Ukichomoa kijiti cha oili ukaiona imekuwa kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia kwenye oili. Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda kabla ya kufungua chochote. Kipimo hicho ni kazi ya muda mfupi, na kinaweza kukuepusha kununua injini usiyoihitaji.

Lakini mwamuzi mkubwa si injini, ni bodi. Injini inabadilishwa kwa siku moja au mbili. Bodi iliyoliwa na kutu haibadilishwi, na sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Inua kapeti, tazama sakafu, kisha tazama mahali shokapu zinapojishikiza. Ukikuta matundu yamezibwa kwa puti na kupakwa rangi, usiweke injini mpya humo. Hilo ni gari la spea.

Ukiamua kuuza spea, fahamu unachouza. Injini ya 4E iliyomo katika Starlet nyingi ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa katika baadhi ya Corolla, kwa hiyo wanunuzi wake ni wengi. Giaboksi, alteneta, stata, taa, milango na vioo navyo vina soko. Ila mnunuzi anayekuja kwako amekwisha pita Gerezani na Kariakoo, anajua bei ya spea za mtumba kutoka Japani na Dubai. Pita na wewe kwanza. Yako masega pia, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi. Ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Wenye magari wengi hawajui, na masega huondoka gereji kama zawadi kwa fundi.

Uuzaji huu nao una hasara zake. Vizuri vinaondoka wiki ya kwanza, na linabaki gamba ambalo mwisho wake ni kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Liingize gamba hilo katika hesabu tangu mwanzo, na mahali pa kuliweka pia.

Jambo la mwisho ni kadi ya gari. Usimpe mtu gamba lenye namba ya chesisi pamoja na kadi iliyo na jina lako. Namba hiyo ikihamia kwenye gari la wizi, polisi watakaokuja watabisha mlango wako. Nenda TRA, ndio wanaosajili magari, ueleze kuwa gari halipo tena barabarani. Kabla ya ada ya mwaka ya leseni kufutwa mwaka 2017, wapo waliodaiwa ada ya magari yaliyokuwa yamelala juu ya mawe. Ada imeondoka, lakini jina lako kwenye kadi bado ni lako.

Ndugu msikilizaji, kutengeneza ni uamuzi na kuuza spea ni uamuzi. Kuliacha juu ya mawe nako ni uamuzi, tena ulio ghali kuliko yote. Betri inakufa, mipira inakauka, panya wanakula nyaya, na usiku vijana wanachomoa taa. Jiwekee siku. Kama hadi mwisho wa mwezi ujao fedha ya fundi haijapatikana, mwite wa kufungua. Hela ya spea ikilipa karo ya mtoto, gari hilo litakuwa limekufikisha mahali.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.